Bei ya Shaba Ilipoanguka: Somo la Akiba kwa Mashirika na kwa Nyumba

Njaa haimbishii mtu hodi. Humkuta mkulima ama ana ghala lenye nafaka, ama ana ghala lenye panya. Na siku hiyo ndipo majirani hujua ni nani aliyeyatunza mavuno yake na ni nani aliyeyamaliza kwa ngoma na pombe. Biashara nazo zina misimu yake. Liwe ni duka la sabuni na chumvi lililo pembeni mwa soko, liwe ni shirika kubwa lenye matanuri na mabehewa, kila moja hupata miaka ya bei nzuri na miaka ya bei mbaya, wala hakuna mfanyabiashara aliyewahi kupewa kalenda ya kumwonyesha ni lini mwaka mbaya utaingia.

Kuna swali jingine ambalo mabingwa wa hesabu hulisahau, nalo ni hili: dhiki inapolifikia shirika, mzigo wake hubebwa na nani? Je, ni wenye hisa, ni serikali, ni wafanyakazi, au ni mama anayengoja mshahara wa mumewe ili ainjike sufuria jikoni? Historia ya shaba ya Katanga, kusini mwa Kongo, inalijibu swali hilo waziwazi. Ni historia inayowahusu majirani pia. Vijana wa Rwanda na Burundi walichukuliwa kwenda kufanya kazi katika migodi hiyo. Zambia inachimba shaba ng'ambo ya pili ya mpaka. Na shehena za madini hayo zimevushwa mara nyingi katika Ziwa Tanganyika, kutoka Kalemie hadi Kigoma, zikielekea bandari ya Dar es Salaam.

SHIRIKA LILIPONA, WATU WAKARUDISHWA

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, wakati Kongo ilipokuwa bado milki ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mwaka 1911 tanuri lake la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba. Watu wa kazi hawakutosha, wakatafutwa mbali: Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, Kasai, na tangu mwaka 1925 Ruanda-Urundi. Hapo mwanzo vijana walikuja peke yao kwa mkataba mfupi, kisha wakarudi kwao. Ilipofika mwaka 1928 shirika likabadili shauri. Mfanyakazi aliruhusiwa kuja na mke wake, akapewa mkataba wa miaka mitatu, nyumba kambini, posho ya chakula na matibabu. Hesabu hiyo ilikuwa ya biashara wala haikuwa ya huruma. Mtu mwenye jamaa yake karibu hutulia kazini, na aliyekwisha kuijua kazi ana faida kubwa kuliko mgeni anayefundishwa upya kila mwaka.

Mwezi wa Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaanguka. Viwanda vya Marekani na vya Ulaya vikapunguza kununua nyaya na mabomba, na bei ya shaba ikateremka. Katanga, iliyotoa karibu tani 139,000 za shaba mwaka 1930, ilitoa karibu tani 54,000 tu mwaka 1932. Shirika likafunga migodi kadhaa, likaongeza mashine na kupunguza mikono, na maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa vijijini kwao. Kabla ya Vita Kuu ya Pili kuanza, uzalishaji ulikuwa umekwisha kuinuka tena.

Kwa macho ya wenye hisa huko Brussels, hayo yalikuwa maongozi mazuri, kwa kuwa shirika lilijua la kukata na la kubakiza, nalo likavuka. Kwa yule aliyerudi kijijini bila kazi, na kukuta kodi ya serikali ya kikoloni ikimngoja kama zamani, habari ilikuwa nyingine. Akiba ya shirika ilikuwa katika benki. Kijiji cha mfanyakazi ndicho kilichogeuzwa ghala la kumlisha wakati shirika lisipomtaka. Yafaa msomaji alikumbuke jambo hili kila anaposikia kwamba kampuni fulani "imestahimili msukosuko". Hana budi kuuliza imestahimili kwa gharama ya nani.

NEEMA ILIYOCHUKULIWA KAMA MSHAHARA

Mwanzoni mwa mwaka 1967 serikali ya Rais Mobutu ililitaifisha shirika hilo, na baada ya miaka michache likajulikana kwa jina la Gécamines. Kongo nayo ikaitwa Zaire tangu mwaka 1971. Shaba ndiyo iliyokuwa nguzo ya hazina ya nchi; fedha za kigeni za kununulia dawa, mafuta na mashine zilitoka humo kwa sehemu kubwa.

Mwezi wa Aprili 1974 bei ya shaba katika soko la London ilifika kama pauni 1,400 kwa tani, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kabla ya hapo. Mapato yalifurika, na benki za ng'ambo zikawa radhi kukopesha. Mipango mikubwa ikaanzishwa, mmojawapo ukiwa waya wa umeme wa kilomita zipatazo 1,700 kutoka maporomoko ya Inga, karibu na bahari, hadi kwenye migodi ya Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Kazi ya waya huo ilianza mwaka 1973 na kumalizika mwaka 1982, nchi ikiwa imekwisha kulemewa na madeni.

Dalili za mwaka mbaya zilikuwako mbele ya macho. Kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 bei ya mafuta ya petroli ilipanda mara nne. Nchi za viwanda, ambazo ndizo zilizonunua shaba, zilikuwa sasa zikilipa fedha nyingi kwa mafuta, na ilikuwa dhahiri kwamba zitapunguza ujenzi na magari. Ndivyo ilivyokuwa. Kabla ya mwaka 1974 kwisha, bei ya shaba ilikuwa imeporomoka chini ya nusu ya ile ya Aprili. Nchi nne zilizokuwa zimeungana katika chama cha wauzaji wa shaba, yaani Chile, Peru, Zambia na Zaire, zilikubaliana kupunguza mauzo yao kwa asilimia 10, kisha kwa asilimia 15, lakini bei haikuinuka. Mwaka 1975 Zaire ilianza kushindwa kulipa madeni yake.

Kosa halikuwa kukopa, maana biashara nyingi hukua kwa mkopo. Kosa lilikuwa kuichukua bei ya Aprili 1974 kana kwamba ni mshahara wa kila mwezi. Mvuvi aliyepata samaki mia usiku mmoja hajengi nyumba ya mkopo kwa kutarajia kupata mia kila usiku. Huwakausha, akajua kwamba mwezi utaandama na kupita.

MADUKA YALIYOULIWA KABLA YA DHIKI

Wakati huo huo maduka ya nchi hiyo yalikuwa na ugonjwa wao. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni, yaani maduka, mashamba, magari ya mizigo na viwanda vidogo, zitatwaliwa na kukabidhiwa wananchi. Nia ya kuwapa wananchi uchumi wao ilipendeza masikioni mwa wengi. Lakini wengi wa waliokabidhiwa walichaguliwa kwa cheo chao katika chama na serikali, si kwa ujuzi wa biashara. Wengi wao waliuza bidhaa walizozikuta rafuni, wakatia fedha mfukoni, na hawakuagiza nyingine.

Hapa pana somo ambalo kila mwenye kibanda cha sokoni hana budi kulijua. Mtu anaponunua gunia la chumvi na kuliuza kwa vipimo vidogo vidogo, fedha anayoipata ina sehemu mbili. Sehemu kubwa ni gunia la pili ambalo halijanunuliwa bado. Sehemu ndogo tu ndiyo yake. Anayekula sehemu zote mbili amekula mtaji wake, hata kama jioni ile anaonekana tajiri. Bei ya shaba ilipoanguka na fedha za kigeni zikaadimika, maduka mengi ya Zaire yalikuwa matupu tayari. Serikali ilianza kurudi nyuma, na kufikia mwaka 1976 ilikuwa ikiwaita wenye mali wa zamani waje wachukue biashara zao. Wengi hawakurudi, na waliorudi walikuta kuta na rafu tupu.

NJIA MOJA YA KWENDA BAHARINI

Mfanyabiashara mwenye busara huwa na njia zaidi ya moja ya kufikia soko. Shaba ya Katanga ilitegemea sana reli ya Benguela, iliyokata Angola moja kwa moja hadi bandari ya Lobito. Mwezi wa Agosti 1975 reli hiyo ilifungwa kwa sababu ya vita vya Angola, na kwa miaka mingi haikupitisha shehena za migodi. Shirika likabaki na njia ndefu. Ya kwanza ilikuwa ndani ya nchi: reli mpaka Ilebo, kisha mashua katika mito ya Kasai na Kongo mpaka Kinshasa, kisha reli tena mpaka Matadi. Kila mahali mzigo ulishushwa na kupakiwa upya. Ya pili ilishuka kusini kupitia Zambia na Rhodesia mpaka bandari za Afrika Kusini. Ya tatu ilikuwa ile ya Ziwa Tanganyika. Zote ziligharimu siku na fedha, na yote hayo yalitokea wakati bei ilipokuwa chini kabisa. Mwaka 1977 na mwaka 1978 vita viliingia Shaba yenyewe, na mafundi wengi wa kigeni wakaukimbia mji wa Kolwezi.

Zambia ilikuwa imekwisha kulipata somo hilo mapema kidogo. Serikali ya Rhodesia ilipoufunga mpaka mwezi wa Januari 1973, reli mpya ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilikuwa tayari inajengwa kwa msaada wa China, nayo ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Wazambia na Watanzania walikuwa wameanza kuichimbia njia mbadala kabla ile ya kwanza haijazibwa kabisa. Lakini haifai kuwasifu kupita kiasi. Migodi ya Zambia, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 700,000 kwa mwaka katika miaka yake bora, ilishuka hadi karibu tani 250,000 kufikia mwaka 2000, mwaka ambao uuzaji wake kwa makampuni binafsi ulikamilika. Reli humwokoa mwenye mzigo wa kupakia. Haimpi mzigo asiye nao.

UDONGO ULIOACHWA JUU YA SHABA

Kuna jambo moja katika uchimbaji ambalo mtu wa nje halioni. Katika mgodi wa wazi, shaba hufunikwa na udongo na mawe yasiyo na faida. Kila mwaka ni lazima kuondoa maelfu na maelfu ya tani za udongo huo ili shaba ya miaka ijayo ifikike. Kazi hiyo hailipi leo, hulipa baadaye. Meneja anayebanwa fedha hushawishika kuiacha, akachimba ile shaba iliyokwisha kufunuliwa. Hesabu za mwaka huo hupendeza, huku kuta za shimo zikizidi kusimama wima na shaba inayofikika ikizidi kupungua. Vivyo hivyo kwa vipuri. Gari moja likiharibika, hung'olewa kifaa kwenye jingine. Yale mawili yanakuwa moja, na kwa muda kazi inaendelea.

Gécamines ilipita katika njia hiyo. Fedha za shaba zilikwenda kwanza kwenye mahitaji ya Serikali na ya wakubwa wake, na kilichorudi migodini hakikutosha kuondoa udongo, kununua vipuri wala kuimarisha nguzo za chini ya ardhi. Ajabu ni kwamba kwa macho ya nje shirika lilionekana zima. Mwaka 1986 lilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Bei ilipopanda tena mwaka 1988 na mwaka 1989, nafasi ya kuziba ufa ilipatikana, nayo ikapita.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, mmoja wa migodi mikubwa ya shirika hilo, iliporomoka chini ya ardhi. Mwaka 1991 askari wasiolipwa na raia waliochoka walipora miji, Kolwezi ikiwa mojawapo, na mafundi waliobaki wakaondoka. Mwaka 1992 na mwaka 1993 fitina za ukabila zilizochochewa na wanasiasa ziliwafukuza Katanga watu wengi wenye asili ya Kasai, na miongoni mwao walikuwako wafanyakazi stadi ambao baba zao walizaliwa humo humo. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji haukufika hata tani 50,000. Kwa muda wa miaka minane shirika lilikuwa limepoteza sehemu tisa katika kumi za nguvu zake, na katika miaka hiyo haikuwa bei ya London iliyoliua. Bei mbaya ya miaka iliyotangulia ilikuwa imefunua tu kwamba nyumba ililiwa na mchwa.

MAMA ALIYEKUWA NGUZO

Gécamines ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000, na kila mmoja alikuwa na jamaa kubwa nyuma yake. Tangu enzi za Union Minière, shirika lilikuwa kama mzazi. Lilitoa nyumba, shule ya watoto, hospitali, na unga wa bukari. Wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika na kutunza watoto kwa desturi za mjini, na mume aliyejiheshimu hakupenda mke wake aonekane akiuza sokoni. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alipoandika kitabu kuhusu jamaa hizo, kilichotoka mwaka 2001, alikipa jina linalomaanisha watoto wa shaba waliotupwa na baba yao. Baba huyo ni shirika.

Mishahara ilianza kuchelewa mwezi, kisha miezi. Fedha yenyewe ilipoteza thamani kila juma katika miaka ya 1993 na 1994. Hospitali zilikosa dawa, na shule zikadai wazazi walipe. Hapo wanawake waliofundishwa kushona walitandika meza mbele ya nyumba. Waliuza unga kwa kopo, makaa kwa fungu, mboga, samaki wakavu na maandazi. Wengine walilima mahindi na mihogo nje ya mji, wakitoka alfajiri na kurudi na mizigo kichwani. Mume aliyezoea kuleta mshahara alijikuta akila kwa jasho la mkewe, na si kila mume aliyaweza hayo kwa moyo mtulivu. Katika nyumba nyingi heshima ya baba ilitikisika, na katika nyumba nyingine mume na mke walianza kushauriana juu ya fedha kwa mara ya kwanza.

Biashara hizo ndogo zinastahili kutazamwa kwa makini, maana zilidumu wakati tanuri kubwa lilipozimika. Zilikuwa na mtaji mdogo, lakini uliozunguka kila siku. Ziliuza vitu ambavyo mtu hawezi kuviacha hata akiwa maskini. Hazikuwa na deni kubwa la kulipwa kwa fedha za kigeni. Na wenyewe walijiwekea akiba kwa kuchangiana zamu kwa zamu, katika vikundi viitwavyo likelemba huko Kongo na upatu huko pwani, ambamo kila mwanachama hupokea fungu zima siku yake ikifika. Haifai kuzipamba kupita kiasi. Faida yake ilikuwa ya kula leo, na mtoto mmoja kuugua kulitosha kumaliza mtaji wote. Hata hivyo, chakula cha miji ya shaba katika miaka hiyo kilitoka kwenye meza hizo.

Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa malipo ya mara moja ili waondoke kazini. Walikuwa wametumikia miaka mingi, na wengi walikuwa wakidai mishahara ya nyuma. Walilalamika kwamba hesabu haikuwa ya haki. Mzigo ulioanza kukusanyika mwaka 1974 ulikuwa umefika mahali pake pa mwisho, yaani mezani pa mfanyakazi.

GHALA LA BOTSWANA NA MIPAKA YAKE

Yafaa kutazama upande mwingine. Botswana ilipopata uhuru mwaka 1966 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Mwaka uliofuata almasi ziligunduliwa Orapa, na mgodi wake ukafunguliwa mwaka 1971. Kampuni ya kuchimba, ambayo leo inaitwa Debswana, ni ya ubia kati ya Serikali na De Beers, na tangu mwaka 1975 kila upande una nusu. Mwaka 1972, mapato makubwa yakiwa bado mbele, Serikali ilianzisha mfuko wa kuyatulizia mapato yake, ili fedha za mwaka mzuri ziusaidie mwaka mbaya.

Mtihani ulikuja mwaka 1981, soko la almasi lilipodorora. Mawe hayakununuliwa kama zamani. Badala ya kuyatupa sokoni kwa bei yoyote, kampuni iliyaweka stoo, na nchi ikakaza mkanda. Mwaka 1987 akiba hiyo ya almasi iliuzwa kwa De Beers, na sehemu ya malipo ikawa hisa za De Beers yenyewe. Mwaka 1994 nchi ikaunda Mfuko wa Pula, wenye kuwekeza ng'ambo kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Mtihani wa pili ulitokea baada ya benki kubwa za Marekani kutikisika mwaka 2008. Mwanzoni mwa mwaka 2009 Debswana ilisimamisha uchimbaji katika migodi yake yote kwa muda, na uzalishaji wa mwaka ukashuka kutoka karati zaidi ya milioni 32 mwaka 2008 hadi chini ya milioni 18. Nchi ilitumia akiba yake, na kwa kuwa hesabu zake zilikuwa wazi na madeni yake machache, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaikopesha dola bilioni 1.5. Almasi hazikuharibika zikiwa ardhini, mitambo haikung'olewa, na bei iliporudi kazi ikarudi.

Lakini akiba ni mtumbwi wa kuvukia mto. Si nyumba ya kukaa mtoni. Tangu mwaka 2023 soko la almasi limedorora tena, na safari hii mawe yanayotengenezwa viwandani yamewavuta wanunuzi kwa bei ya chini. Debswana imelazimika kupunguza uzalishaji, na hazina ya Botswana imepata dhiki kubwa. Nchi iliyojua kuweka haikupata wakati wa kutosha, au haikufanya haraka ya kutosha, kuanzisha shamba la pili. Ghala husaidia mvua inapochelewa. Kama mto wenyewe umebadili njia, hata ghala kubwa huisha.

MAMBO YA KUSHIKA

Mambo matano yanatokana na habari hizi, na yanamfaa mwenye kiwanda, mwenye duka na mwenye nyumba.

La kwanza ni kutenganisha mtaji na faida. Fedha ya gunia la pili iwekwe mahali pake, na kama ni mume na mke wanaofanya biashara pamoja, wote wawili wajue ni kiasi gani.

La pili ni kuupima mwaka mzuri kwa jicho la mwaka wa kawaida. Mkopo ulipike kwa mapato ya miaka ya kati na kati. Mkopo unaolipika kwa bei ya juu tu ni mtego uliowekwa mlangoni.

La tatu ni kutunza chombo wakati kinapofanya kazi. Cherehani hutiwa mafuta ikiwa nzima, na paa hutengenezwa wakati wa kiangazi. Gharama iliyoahirishwa haikufutwa. Imekopwa kwa siri, na riba yake ni kubwa.

La nne ni kutotegemea njia moja, mnunuzi mmoja wala mshahara mmoja. Jamaa za Katanga zilizokuwa na shamba dogo au ujuzi wa kuuza kabla ya mishahara kukatika zilipata pa kuanzia. Nyingine zilijifunza huku watoto wanalia.

La tano ni kukubaliana mapema jinsi mzigo utakavyogawanywa. Shirika lililo tayari kweli hujua, kabla ya dhiki, litapunguza nini kwanza: marupurupu ya wakubwa, gawio la wenye hisa, ujenzi wa fahari, au mkate wa mfanyakazi. Swali hilo likiachwa mpaka siku ya dhiki, jibu huwa lile lile la mwaka 1932 na la mwaka 2003.

Swali hilo halijapitwa na wakati. Mwaka 2024 bei ya shaba ilipita dola 10,000 kwa tani, kwa kuwa dunia inaihitaji kwa nyaya za umeme na magari ya betri. Kongo sasa ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa madini hayo duniani, safari hii kwa mikono ya makampuni ambayo mengi ni ya kigeni, na reli ya kwenda Lobito imefufuliwa. Malori yanapishana Kolwezi mchana na usiku. Ni miaka ya mavuno, na wakati wa mavuno ndio wakati wa kukagua ghala, kuziba matundu ya panya, na kuandika kwa wino unaosomeka ni kiasi gani kimeingia, ni kiasi gani kimewekwa, na ufunguo uko kwa nani.